Ulimi wa Kuazima

Dunedin, Julai. Barafu ingali kwenye ngazi za mahakama.
Tumetoka Oamaru kwa basi la alfajiri,
watu watatu na faili moja
lililofungwa kwa uzi wa sufu
kwa sababu Ngaire haamini klipu.

Hatukuja kumshtaki mtu.
Bado.
Tumekuja kupiga hodi
ya kuomba ruhusa ya kupiga hodi.

Wakili wetu, kijana mwenye mafua,
ametufafanulia mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa:
kampuni ni mtu.
Ana jina, ana anwani, anadaiwa, anadai,
anaweza kuibiwa mchana kweupe.
Ila hana mdomo.
Mdomo wake ni bodi.
Na bodi ikiwa ndiyo mwizi?
Kijana akapenga kamasi.
Hapo, akasema, ndipo penye kesi.

Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo yenyewe tuliifuma sisi,
zamu ya usiku, miaka ishirini na sita.

Lile ghala la mawe meupe kule bandarini,
ambalo chini ya sakafu yake pengwini hulala na kuzozana,
mwenyekiti Strang ameliuza kwa bei ya trekta kuukuu
kwa kampuni ya shemeji yake.
Tuliyasoma hayo ukurasa wa arobaini na moja,
kwa herufi ndogo kama mayai ya nondo.
Hemi aliuliza kwenye mkutano mkuu.
Wakamjibu: swali zuri.
Kisha wakaleta keki.

Mimi nina hisa mia tatu na arobaini.
Nilipewa badala ya bonasi, mwaka ule
mashine ya kuchana sufu ilipoondoka na ukucha wangu.
Gawio la mwisho lilininunulia soksi jozi moja.
Hazikuwa za kiwanda chetu.

Wakili wao anasimama. Suti yake ni sufu nzuri,
siwezi kujizuia, naitazama mishono.
Asilimia mbili, Mheshimiwa, anasema,
kama mtu anayepangusa makombo mezani.
Watu wenye kinyongo. Gharama. Usumbufu.
Kampuni yenyewe haijalalamika.

Haijalalamika!
Ngaire ananifinya paja hadi machozi yananilenga.

Jaji Auchterlonie anageuza kurasa polepole,
analamba kidole kama bibi anayehesabu noti.
Mkishinda, anauliza, fedha itakwenda wapi?
Kwa kampuni, Mheshimiwa.
Yote?
Yote.
Na ninyi?
Wakili anatafuta kitambaa mfukoni, hakipati.
Hemi, ambaye hakuulizwa, anasema:
Sisi tutarudi kwa basi.

Kuna kiti kitupu karibu na dirisha.
Nilijaribu kumketisha pale, huyo mtu wetu,
nimpe uso, nimpe mikono.
Nikashindwa. Nilichopata ni harufu tu,
mafuta ya sufu mbichi asubuhi ya Jumatatu,
ile inayoingia kwenye mkate wako na haitoki.
Kwa ajili ya harufu hiyo nimeapa kwa maandishi,
aya hamsini na nne, sahihi kila ukurasa.
Wengine huapa kwa kidogo zaidi.

Uamuzi utatolewa kwa maandishi.
Lini? Jaji hakusema. Akainuka, tukainuka.

Oamaru tulifika giza limeshatanda.
Tukapita bandarini, ingawa si njia yetu.
Shemeji ameweka kibao kipya: Mali Binafsi. Usiingie.
Na pengwini walikuwa wanapanda kutoka majini,
mmoja mmoja, matumbo yakimeta,
wakapita chini ya kibao, wakaingia kwao,
wakaanza kelele zile zile za kila usiku
kana kwamba hakuna kilichouzwa.

Hemi akasimama kuwasikiliza.
Tukasimama naye, baridi ikitutafuna masikio,
mpaka Ngaire akashtuka, akajipapasa kwapa na koti:
Jamani. Faili analo nani?